Mpigwa Picha Naye Ana Kauli

Mkoa wa Kagera umepigwa picha nyingi, na nyingi zilipigwa wakati wa misiba. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini kutambuliwa mkoani humo mwaka 1983, wageni wenye kamera walifuata hadi vijiji vya Bukoba na Muleba. Kamera zilirudi meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei, 1996, na baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016.

Katika picha nyingi za aina hiyo mwananchi amelala kitandani au ameketi vumbini, hana jina, wala hakuulizwa. Lakini mwananchi huyo huyo akienda studio mjini Bukoba huvaa kanzu na koti, au gomesi yake ya sherehe. Huchagua mkao, kisha picha huitundika sebuleni. Anajua vema anavyotaka kutazamwa. Kijijini mgeni aliamua peke yake; studio waliamua wawili.

Wapo wanaodai kwamba pasipo picha ya kutia huruma msaada haupatikani. Hiyo ni kasumba ya kuombaomba. Yatima aliyepigwa picha miaka ya 1990 leo ni mtu mzima, pengine mwalimu au karani, na picha ile yaweza bado kumtangazia watoto wake ugonjwa uliowaua babu na bibi yao. Msaada ulikwisha zamani, picha haikwisha.

Ibara ya 12 ya Katiba ya mwaka 1977 inatambua heshima ya utu wa kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022. Hata hivyo, anayempokea mgeni kijijini ni mwalimu mkuu, mganga wa zahanati au mtendaji. Ndugu hao hawana budi kumtaka mgeni aeleze picha itakwenda wapi, ampe mwananchi nafasi ya kunawa na kuvaa apendavyo, amwonyeshe picha, na amletee nakala. Kwa mtoto, mlezi aulizwe na mtoto mwenyewe asikilizwe. Mwananchi akikataa, kamera ifungwe.

Heshima tunayoidai mbele ya mataifa haina budi kuanzia kwa bibi kizee wa Muleba, mlangoni pake.