Mgeni wa Gurudwara Apewe Jembe

Mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Masimba, katika Kaunti ya Kisii, anapofunga safari ya kwenda Mombasa au Lamu kwa utafiti wa nyanjani, aghalabu huwa amekwisha kuaminishwa kwamba hazina ya lugha hii iko pwani tu. Akishika njia ya Keroka, Sotik na Kericho, huupita mji wenye gurudwara mashuhuri, yaani hekalu la Wasikh, ambao Wakenya wengi huwaita Makalasinga. Akishaiacha Nairobi nyuma, hufika Makindu na kukuta gurudwara nyingine kando ya barabara kuu. Huenda akateremka hapo, akala chapati na dengu, akanywa chai ya maziwa, akapumzika, kisha akaendelea na safari. Wenyeji hawamdai malipo. Kasoro ni kwamba naye hawaulizi lolote.

Ikumbukwe kuwa gurudwara ya Makindu ilijengwa mwaka 1926 na Wasikh waliokuwa wakifanya kazi katika reli. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Vibarua na mafundi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 walifia kazini. Hadi leo msafiri wa dini yoyote hupokewa Makindu, akapewa chakula na mahali pa kulala, na sadaka hutolewa kwa hiari. Masharti ni machache: avue viatu, afunike kichwa, asiingie na tumbaku wala pombe. Watu hula pamoja bila kubaguliwa kwa cheo wala kabila. Desturi hiyo, iitwayo langar, inatokana na mafundisho ya Guru Nanak (1469–1539), mwasisi wa dini ya Usikh.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, malazi ya namna hii yangepaswa kuwa zaidi ya nafuu ya nauli. Jengo linalolala wageni kwa karibu karne nzima lina masimulizi: ya nani alileta mbao, nani alipika, nani aliugua njiani akauguzwa, na lugha gani ilitumiwa jikoni na karakanani. Hapana shaka kuwa sehemu ya masimulizi hayo ilitamkwa kwa Kiswahili, kwa kuwa fundi wa Punjab na msaidizi wake Mkamba, Mluo au Mgusii walihitaji lugha ya kuelewana. Kiswahili hicho cha nyundo na msumeno kimetafitiwa kwa uchache mno, ilhali wazee wanaokikumbuka wanapungua, na watoto wao wengi wamehamia Uingereza na Kanada.

Hata jina Kalasinga linastahili kuchunguzwa. Husimuliwa kuwa lilitokana na Kala Singh, mfanyabiashara wa siku za mwanzo za ukoloni, na jina la mtu mmoja likawa jina la jamii nzima. Singh lina maana ya simba, nalo lilienea miongoni mwa wanaume Wasikh baada ya Guru Gobind Singh kuanzisha Khalsa mwaka 1699. Neno hilo na simba wa Kiswahili yamefanana kwa sadfa, kwani simba wetu ana asili ya Kibantu. Hata hivyo, mwana wa Masimba ambaye hajapata kujua kuwa Singh naye ni simba amenyimwa somo zuri la isimu.

Wapo watakaodai kuwa hayo ni mambo ya Wahindi na kwamba fasihi ya Kiswahili ina mipaka yake. Hoja hiyo ni dhaifu. Anayeitoa hulipa pesa, hupanda gari, huingia dukani na kula chapati, na maneno hayo yote yametufikia kwa mkondo wa Bara Hindi. Tena Makhan Singh, Msikh aliyekuja Kenya mwaka 1927, alidai uhuru kamili wa Afrika Mashariki katika mkutano wa Kaloleni, Nairobi, mwezi wa Aprili 1950. Mwezi uliofuata alikamatwa, akazuiliwa hadi mwaka 1961. Kitabu chake kuhusu vyama vya wafanyakazi wa Kenya, kilichotoka mwaka 1969, kiliandikwa kwa Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili aghalabu hukutana na Mhindi mwenye duka katika riwaya, lakini ni nadra kumkuta Mhindi aliyefungwa kwa ajili ya uhuru wa Mwafrika. Serikali iliitambua jamii ya Waasia kuwa kabila la 44 la Kenya mwaka 2017. Fasihi haina budi kuufuata utambuzi huo kwa kazi, kwa kuwa tangazo halihifadhi masimulizi ya mtu.

Kwa hiyo idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi viziweke Kericho na Makindu katika ratiba za utafiti wa nyanjani. Wanafunzi waombe idhini ya wenyeji mapema, wakae siku kadhaa, wasaidie kuosha vyombo na kukanda unga, kisha wawarekodi wazee kwa Kiswahili na kurejesha nakala kwa jamii. Wasilifanye hekalu kuwa hoteli ya bure, maana ni mahali pa ibada kabla ya kuwa mahali pa kulala.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenyeji wa gurudwara hawampi mgeni jembe hata akila mara ngapi. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kulishika mwenyewe, na jembe lake ni kalamu.