Mwimbaji wa Ridhaa si Mvivu

Wako wadaio kuwa aimbaye bila malipo anapoteza wakati, na kwamba sanaa isiyouzwa haina thamani. Sisi wa Nyakato, Musoma, tulio makarani mchana na waimbaji jioni, twaikataa kauli hiyo.

Tumtazame mpiga nyatiti wa Rorya. Ameketi juu ya kigoda, vidole vyacharaza nyuzi nane, njuga zi mguuni, na pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu yagonga chombo. Mtu mmoja amekuwa ngoma, zeze na sauti. Alijifunza kwa kukaa karibu na wazee, sawa na Mkurya na litungu lake. Tuzo alipata, mshahara hakuwa nao. Kazi yake ilikuwa kuliwaza wafiwa, kuchangamsha arusi na kukosoa wakubwa. (Hili la mwisho muuza nyimbo halithubutu: mteja hakosolewi.)

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kuwa tulifundishwa nyimbo za Wazungu hata tukadharau ngoma zetu. Leo dharau hiyo imebadili vazi tu. Kijana mwenye sauti nzuri huulizwa kwanza atapata shilingi ngapi. Hakuna amwulizaye ana neno gani la kusema.

Wanaokodiwa nao waimbe, hatuwazuii. Ila wasituite wavivu kwa nyimbo tulizoimba katika matanga wasiyohudhuria.