Pangaboi la ndege si la kushikwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe tahadhari kwa wananchi wenzangu, hasa tunaoishi karibu na viwanja vidogo vya ndege mkoani Dodoma.

Kwa miaka mingi ndege ndogo kama Cessna 206 zimetuletea waganga na dawa vijijini, hata wakati wa mvua ambapo barabara hazipitiki. Ndege ikitua, watoto kwa wakubwa huikimbilia. Siku moja, katika kijiji kimoja wilayani Mpwapwa, ndege ilikwama mchangani. Kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, alilishika pangaboi ili aivute. Rubani alipiga kelele mpaka sote tukaruka nyuma. Wengine walinung'unika kwamba ana maringo. Mimi nilimwuliza sababu, naye akanieleza.

Injini ya ndege hizo haitegemei betri ili kutoa cheche. Ina magneto mbili ambazo hujitengenezea umeme kila injini inapozungushwa. Wenye pikipiki za zamani wanajua jambo hili: betri imekufa, lakini ukipiga kiki inawaka. Rubani anapozima swichi, magneto huunganishwa na ethi kwa waya ili cheche isitoke. Waya huo ukikatika, swichi itaonyesha imezimwa kumbe magneto iko hai. Ikiwa petroli kidogo imebaki ndani ya silinda, kulisogeza pangaboi kwa mkono kwaweza kuiwasha injini. Hapo mtu hupoteza mkono, au maisha.

Ndiyo maana kabla ya kuruka rubani huipandisha injini hadi mizunguko kama 1,700 kwa dakika, kisha huzijaribu magneto hizo moja moja. Mizunguko ikipungua kidogo, ni kawaida. Isipopungua kabisa, hiyo si sifa ya injini nzuri. Yaweza kuwa dalili kwamba magneto moja haizimiki. Sisi tulio nje hatuwezi kuujua ubovu huo kwa macho. Basi kanuni yetu iwe moja: pangaboi lihesabiwe hai siku zote, hata likiwa limesimama. Nalo linapozunguka kwa kasi halionekani, hivyo mtu asiikaribie ndege mpaka rubani amwite.

Husemwa ajali haina kinga. Hii inayo. Naiomba Mamlaka ya Viwanja vya Ndege na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, zikishirikiana na serikali za vijiji, ziweke vibao vya Kiswahili kwenye viwanja hivyo, na walimu wawaeleze watoto shuleni. Marubani nao, pamoja na kufoka, watueleze tushike wapi tunapowasaidia kusukuma.

Kibao kimoja ni gharama ndogo kuliko mkono wa mtoto.

Mzazi,
Kongwa, Dodoma.