Sireni si ya mchezo

Watumikaji wapenzi, akina mama, na ninyi vijana wa vikundi vya teatri katika makambi yetu,

Siku hizi karibu kila kijana ana simu inayonasa sauti. Ni jambo jema. Michezo inayofundisha usalama inapata nguvu tukisikia mvua, magari na mashini. Lakini kuna sauti moja ninayowaomba msiinase kwa ajili ya mchezo: sireni ya mgodi.

Sireni ina neno moja tu: ondoka, kuna hatari. Anayeisikia hapaswi kufikiri kwanza, miguu inatangulia. Mkiipiga Jumapili katika mchezo, kisha mtoto akaiweka kuwa mlio wa simu ya baba, masikio yatazoea. Jumatatu mgodini, kabla ya kupasua mawe, mtumikaji ataisikia na kusema moyoni: « Labda ni simu ya mtu. » Baruti haingojei « labda ».

Sisi wa hospitali tunalijua jambo hili. Mashini za kuangalia wagonjwa zikilia mara nyingi bila sababu, wauguzi wanachelewa kuitika. Si uvivu, ndivyo kichwa cha mtu kilivyo.

Wengine wamelitungia sheria. Mwaka 2019, huko Marekani, kampuni ya televisheni ABC ilikubali kulipa dola 395.000 kwa sababu programu yake ya kuchekesha ilipiga sauti ya serikali ya kutangaza hatari, pasipo hatari yoyote.

Vijana watajibu: « Bila sireni ya kweli, watu hawatasadiki. » Sikubali. Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi kilipendwa miaka mingi kwenye radio na televisheni kwa maneno na matendo ya wachezaji. Mchezaji akishtuka vizuri, watazamaji nao watashtuka.

Basi, tengenezeni sauti yenu wenyewe:

1. Twaeni chupa mbili za namna moja. Tieni maji, moja ipite nyingine kidogo tu. Vijana wawili wapulize pamoja juu ya midomo ya chupa. Sauti mbili zinazokaribiana zinatetemeka na kutia hofu, wala hazifanani na sireni. Maji yakiongezeka, sauti inapanda.

2. Simu isikae karibu mno na chupa, wala pumzi isiipige, maana sauti itakwaruza. Jaribuni kwanza, sikilizeni, kisha naseni.

3. Chungeni masikio. Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani (NIOSH) wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu kwa siku. Msimweke mtoto mbele ya spika. Sikio lililokufa kwa kelele halina dawa ya kulifufua.

4. Kabla ya kuanza, waambieni watu: « Sauti ya hatari katika mchezo wetu ni hii. Mkisikia sireni yenyewe, mchezo umekwisha, kila mtu afuate amri ya usalama. »

Ninyi akina mama, mkikuta sauti ya sireni katika simu ya mtoto, mfundisheni sababu, kisha ifuteni. Na wewe baba, anza na simu yako.

Sireni ikilia, kila mtu aamini. Tuilinde, nayo itulinde.