Ahadi ya Chuo Kabla ya Mtihani wa Mwisho

Mwezi uliopita tulikuwa walimu sita kando ya barabara kuu hapa Mlandizi, twangoja daladala ya kwenda Kibaha, na mazungumzo yakaangukia habari za vyuo vikuu. Mmoja wetu, aliye mkubwa wa umri kuliko sisi sote, akasema hivi: mtoto asiahidiwe kitu ambacho hajakishinda bado, ukimwahidi nafasi ya chuo kabla ya mtihani wa mwisho, siku hiyo hiyo ataweka vitabu chini. Wote wakaitikia. Mimi sikuitikia, lakini gari likafika upesi na jawabu langu likabaki kinywani. Basi nimeomba nafasi katika gazeti hili ili nilitoe, kwani neno lile, ijapokuwa lina sura ya busara, lawaumiza watoto wa maskini na kuwaacha watoto wa matajiri kama walivyo.

Kwanza na tuelewane juu ya jambo lenyewe. Ziko nchi ambazo chuo kikuu humwandikia mwanafunzi aliyeonyesha bidii na akili, kabla hajakaa katika mtihani wake wa mwisho, na kumwambia: nafasi yako ipo, ikiwa utapata alama hizi na hizi. Akizipata, anaingia. Asipozipata, ahadi imekufa. Uingereza wamefanya hivyo miaka mingi. Kwetu si hivyo. Mtoto wetu hufanya mtihani wa kidato cha sita mwezi wa Mei, matokeo hutoka Julai, ndipo Tume ya Vyuo Vikuu hufungua dirisha la maombi. Tangu mwaka wa 2010 maombi yalipita katika mfumo mmoja wa Tume. Tangu mwaka wa 2017 kila mtu huomba chuoni moja kwa moja, na kwa kila chuo hulipa ada ya kuomba. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka wa 2005, nayo ina fomu zake na siku zake, na majibu yake huja wakati vyuo viko karibu kufunguliwa. Tena tangu mwaka wa 2013, vijana waliomaliza kidato cha sita huitwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, wengine hapa hapa kwetu Ruvu, hata matokeo huwakuta wengi wao wakiwa kambini.

Yote haya hutendeka katika miezi mitatu au minne. Katika muda huo mtoto wa kijijini atapata kujua kama amefaulu, atachagua masomo ya maisha yake yote, atatafuta fedha, atangoja majibu ya watu wawili wasioketi meza moja, kisha afunge sanduku. Lakini mtoto wa mwenye mali hujua tangu kidato cha tano ya kuwa atasoma. Akikosa chuo hiki atapelekwa kile. Akikosa vyote atapelekwa ng'ambo. Huyo ahadi anayo tayari, imeandikwa katika mfuko wa babaye. Basi mtu asiseme kwamba nchi hii haina desturi ya kuahidi mapema. Inayo, ila si kwa wote.

Niruhusuni nieleze habari moja niliyoiona kwa macho yangu. Zamani kidogo nilimfundisha msichana wa upande wa Soga, ng'ambo ya reli. Baba yake alichoma mkaa, mama yake alilima mihogo. Katika mtihani wa kidato cha nne alipata daraja la kwanza, katika shule ambayo wengi wa wenzake walipata daraja la nne na sifuri. Akachaguliwa kwenda kidato cha tano katika mkoa wa mbali. Usiku mmoja baba yake akaja kwangu, akaketi, akaniuliza, "Mwalimu, nitauza nilicho nacho nimpeleke. Miaka miwili hii mwisho wake ni nini?" Nikamjibu kwa maneno matamu: akifaulu, ataomba chuo, akikubaliwa, ataomba mkopo, akipewa mkopo, atasoma. Mzee yule akanyosha vidole vyake, akahesabu, kisha akasema, "Mwalimu, hizo 'aki' ni tatu."

Sikuwa na jawabu. Hata hivyo alimpeleka, na binti akafaulu. Matokeo yalipotoka, alikwenda katika duka moja la kupiga chapa na kutoa nakala, yale ambayo watu huyaita steshenari, kwa sababu nyumbani kwao hakuna kompyuta wala simu ya maana. Kijana wa duka akajaza fomu kwa haraka, maana nyuma yake kulikuwa na foleni, akachagua masomo aliyoyajua yeye. Msichana aliyetaka uuguzi akakubaliwa kusoma mambo ambayo hakuwahi kuyawaza, katika chuo cha mbali sana. Mkopo ukaja pungufu. Wakati huo mkaa wa babaye ulikwisha kuliwa, na muda wa kutafuta kingine haukuwapo. Hakwenda. Simlaumu kijana wa duka, alifanya kazi aliyolipwa. Simlaumu baba. Watu wa mjini husema kwamba wazazi wa Pwani hawapendi elimu. Huyu aliipenda kuliko wengi niwajuao, lakini hakuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha kwamba elimu nayo yamtaka mwanawe.

Sasa fikirini kama msichana yule angalipewa barua mwanzoni mwa kidato cha tano, yenye mhuri wa chuo, kusema: ukipata alama kadha katika masomo yako matatu, nafasi yako ya uuguzi ipo, na mkopo wako ni kiasi hiki. 'Aki' zile tatu zingalikuwa moja, nayo ilikuwa mkononi mwake mwenyewe. Baba yake angalikuwa na miaka miwili ya kuweka akiba, tena akijua anaweka kiasi gani. Mkulima akiambiwa leo kwamba baada ya miaka miwili atatakiwa shilingi laki tano, ataweka magunia. Akiambiwa Oktoba kwamba zatakiwa Oktoba hiyo hiyo, atauza shamba au ataacha.

Narudi kwa mwenzetu wa kituoni na hoja yake ya vitabu kuwekwa chini. Sitasema kwamba hana ushahidi. Anao, ila ameushika upande usio wake. Huko Uingereza vyuo vilianza kugombania wanafunzi, vikatoa barua za namna nyingine, zisizo na sharti lolote: njoo tu, hata ukifanyaje katika mtihani. Mwaka wa 2013 vijana wa miaka kumi na minane wa England, Wales na Ireland ya Kaskazini walipewa barua za namna hiyo 2,985. Mwaka wa 2018 zilikuwa 67,915. Wakaonekana vijana waliozishika kuwa wepesi zaidi kupungukiwa na alama walizotazamiwa kuzipata. Vyuo vingine vilimwambia mtoto, sharti tutaliondoa ukitutaja sisi kuwa chaguo lako la kwanza, na hiyo ilikuwa biashara ya sokoni. Mwaka wa 2020 msimamizi wa vyuo vya England akapiga marufuku mchezo huo. Barua yenye sharti, walakini, ilibaki, nayo ndiyo niiombayo mimi. Mtoto aliyeahidiwa bila sharti aweza kulala. Lakini aliyeahidiwa kwa sharti atalalaje, na alama anayotakiwa imebandikwa ukutani juu ya kitanda chake?

Hoja yenye nguvu zaidi hakuitaja mtu siku ile, nami nitaitaja mwenyewe: nani atachagua? Hapo nchi yetu imekwisha kuonja uchungu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba mtoto asitoke shule kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Sharti kwanza alitumikie Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi si chini ya miaka miwili, kisha aletewe sifa njema na wakuu wake wa kazi na Chama. Nia ilikuwa kumfunza msomi heshima ya jembe, wala siidharau. Lakini mlango wa chuo ukawa umewekewa barua za sifa, na barua ya sifa huandikwa na mtu mwenye rafiki na mwenye adui. Wasichana ndio waliopungua kwanza, maana wengi waliolewa au walishikwa na kazi za nyumbani katika kungoja, hata baada ya muda mfupi ikabidi waondolewe sharti lile la kazi.

Kwa hiyo sitaki sifa za mtu. Sitaki hata makadirio ya walimu, na mimi ni mwalimu, nawajua walimu. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne upo, ndio utumikao kuwachagua watoto wa kidato cha tano, tena husahihishwa na watu wasiomjua mtoto kwa uso. Utoshe huo.

Tena tusichukue walioshinda nchi nzima kwa jumla, maana hapo tutapata shule zile zile kila mwaka: shule za vipaji maalumu kama Kibaha, jirani zetu hawa, na shule za kulipia zenye mabasi yao. Mnakumbuka jinsi majina ya kumi bora yalivyokuwa matangazo ya biashara, hata Baraza la Mitihani likaacha kuyatoa Januari 2023. Katika jimbo la Texas, Marekani, walitunga sheria mwaka wa 1997 kwamba wanafunzi walio katika sehemu ya kumi ya juu ya kila shule wapate nafasi katika vyuo vya jimbo. Hawakusema sehemu ya kumi ya jimbo zima, walisema ya kila shule, ya mjini na ya shamba. Chuo chao kikubwa cha Austin kilielemewa, kikaruhusiwa baadaye kupunguza kiwango; lakini shina la sheria halikung'olewa. Nasi tuna shule za kata, nyingi zilijengwa tangu mwaka wa 2006 kwa michango na jasho la wazazi hawa hawa. Watoto wawili au watatu walio juu katika kila shule ya namna hiyo, wakistahili kidato cha tano, waandikiwe barua. Wengine watashindwa sharti, hilo najua. Tena wako watoto wanaochelewa kuchanua, ambao kidato cha nne hawakuonekana na kidato cha sita wakang'aa. Hao wasifungiwe: sehemu ya nafasi iwe ya ahadi, sehemu iliyo kubwa ibaki kwa dirisha la Julai.

Watu wataniambia ya kwamba Serikali imekwisha kufanya. Kweli imefanya mengi. Ada za kidato cha tano na sita ziliondolewa mwaka wa 2022, na mwaka huo huo ikaanza Samia Skolashipu kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Nashukuru kwa yote mawili. Lakini msaada huu wa pili humkuta mtoto aliyekwisha kuvuka mto. Waliorudi nyuma ukingoni, kwa kuwa hawakuona mtu upande wa pili, hauwajui.

Wazee wetu waliosoma Minaki na Pugu walipotamani chuo kikuu waliitazama Makerere, nchi nyingine. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi kumi na wanne, wote wa sheria. Siku zile kuomba ahadi kwa mtoto wa kijijini kungalikuwa mzaha. Leo vyuo ni makumi, na barua yaweza kufika katika simu ya mwalimu mkuu kwa dakika moja. Kinachokosekana ni Tume na Bodi ya Mikopo kuketi pamoja na kuandika barua moja, maana ahadi ya nafasi isiyo na ahadi ya fedha ni barua tupu.

Mwenzetu yule, akiwa mguu mmoja katika daladala, aliuliza neno la mwisho: na mtoto akishindwa sharti, aibu ile ataiweka wapi? Ni swali la mtu mwenye huruma. Namjibu kwamba ataomba Julai pamoja na wenzake wote, kama angaliomba pasipo barua, hakupoteza kitu. Na aibu ya kukosa alama uliyoijua naiona ni nyepesi kuliko ya kupata alama zote na kubaki nyumbani.

Msichana yule sasa huuza mboga katika soko letu. Mdogo wake wa kiume yuko darasani kwangu, kidato cha tatu, naye ana akili kama dadaye. Juma lililopita baba yao alinisimamisha njiani, akaniuliza swali lile lile la zamani. Nikamwambia kwamba 'aki' bado ni tatu.

Mimi, Mwalimu wa Mlandizi