Majabali tunayalalia, kisha tunayafuata Naivasha

Mwezi uliopita mpwa wangu alinitumia picha kwa WhatsApp. Ananing'inia kwa kamba kwenye mwamba, kofia ngumu kichwani, meno yote nje. Chini yake ameandika: "Mjomba, huku ndiko kwenye mawe!"

Huko ni Hell's Gate, Naivasha. Kutoka Mombasa alipanda treni hadi Nairobi, akaunganisha matatu, akalipa kiingilio, akalipa mwongozaji, akakodi na vifaa. Yote hayo ili apande Fischer's Tower, mnara wa jiwe wa mita 25 hivi.

Nilimpongeza. Kisha nikamuuliza: treni iliposimama Voi, ulitazama dirishani? Akasema alikuwa amelala.

Sikumlaumu, maana sote tumelala. Pale Voi treni husimama karibu na vilima vya Sagala. Mbele kidogo iko milima ya Taita, na kusini yake Kasigau, uliosimama peke yake nyikani kwa urefu wa zaidi ya mita 1,600. Ni mawe magumu ya kale, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Mombasa hadi Voi ni kilomita 150 hivi, safari ya kwenda na kurudi siku moja. Lakini ukimuuliza kijana wa Kisauni au Likoni mahali pa kupanda miamba, atakutajia Naivasha, au atakwambia huo ni mchezo wa Wazungu.

Mchezo huu si wa mtu mmoja tena. Uliingia Olimpiki katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Anayeanza hahitaji uwanja wa mamilioni. Anahitaji jiwe zuri, kamba ya kuaminika na mtu anayejua kuishika.

Jiwe zuri hutafutwaje? Kwanza, ujue aina ya jiwe. Matumbawe ya ufuoni, ndugu ya yale yaliyojenga Fort Jesus, yakiliwa na maji huwa makali kama wembe, na mengine hubanduka mkononi. Yanapendeza kwa macho, lakini usiyaamini kwa uhai wako. Ndani ya bara letu, Kambe hadi Mwarakaya, kuna ukanda wa mawe ya chokaa ya kale zaidi, yenye kuta na mapango. Taita ndiko kwenye mawe magumu kabisa.

Pili, picha za setilaiti ziko kwenye simu yako bure. Kivuli kirefu cha asubuhi kinaonyesha penye ukuta. Lakini ramani bora ni mchunga mbuzi na mchimba mawe. Hao wanajua jiwe lipi limepasuka, nyuki wako wapi, na mvua ikinyesha maji hupita wapi.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, uliza pana mwenyewe. Baadhi ya miamba mizuri ya Kilifi, kama ile ya Cha Simba, ni mahali patakatifu. Misitu ya Kaya iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini heshima yake haikuanzia hapo. Nani kati yetu angekubali mgeni apande mnara wa msikiti ili apigwe picha? Basi na wazee wa Kaya tuwape heshima hiyo hiyo. Wakisema hapana, ni hapana.

Kwa nini nalisema hili sasa? Kwa sababu jiwe lisilojulikana halina mtetezi. Mawe ya chokaa ndiyo chakula cha viwanda vya saruji, na kilima kikishasagwa hakirudi. Sipingi viwanda, vinalisha watu. Lakini siku wananchi watakapoitwa kutoa maoni kuhusu machimbo mapya, kijiji chenye vijana wanaoongoza wageni kwenye mwamba wao kitakuwa na la kusema. Kisicho na chochote kitaambiwa pale ni pori tu.

Yako pia matimbo yaliyoachwa. Utotoni tulikuwa tukipanda kuta za timbo bila kamba, mpaka mwenzetu mmoja alipoanguka akavunjika mkono. Hadi leo watoto wanapanda, na mvua ikijaza mashimo hayo wengine huzama. Bamburi, mwaka 1971, Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo makavu, na leo ni bustani inayotembelewa. Timbo lililokaguliwa na fundi, likazungushiwa uzio na kupata msimamizi, laweza kuwa uwanja badala ya kaburi.

Kaunti za Kilifi, Kwale na Taita Taveta hazihitaji kuanza na makubwa. Zianze na orodha: mwamba gani uko wapi, nani mwenyewe, upi salama, upi usiguswe. Kisha vijana wachache wa vijiji hivyo wapelekwe wakafunzwe kazi ya kamba na uokoaji, ili mgeni akija ada ya mwongozaji ibaki kijijini.

Mpwa wangu anarudi likizo mwezi ujao. Tumekubaliana kwenda Sagala, inshallah, na kabla ya kugusa jiwe lolote tutabisha hodi kwa wenyewe. Safari hii sitamwacha alale.