Kilo moja ya nyama, mikate kumi



Mwezi huu ukurasa wetu unaingia jikoni. Najua wababa wengine watasema hii ni habari ya wamama, nao watageuza karatasi. Tafadhali wasigeuze, kwani maneno haya yameanzia kwao.

Mama mmoja wa kanisa alikuja kuniona baada ya ibada. Bwana wake ni mchimbaji wa zahabu upande wa Mongbwalu, anarudi hapa Bunia kila baada ya majuma mawili au matatu. Si mlevi, na masomo ya watoto analipa. Sasa shida iko wapi? Mama alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Pasteri, akifika mu muji anapita kwanza kula nyama na wenzake. Anaingia nyumba usiku, anasema ameshiba. Sisi tulikula sombe. Watoto wananusa nyama mu nguo ya baba yao, halafu wananiangalia mimi."

Nilitaka kumjibu kama mchungaji, lakini ulimi ulikuwa mzito. Kuna mwaka nilikwenda Kampala kwa semina. Ndugu mmoja alinipeleka kwenye nyumba ya chakula cha haraka, mahali ambapo mtu anasimama mbele ya meza, anaonyesha picha kwa kidole, na baada ya dakika chache chakula kinafika kimefungwa katika karatasi. Ulikuwa mkate wa mviringo, na ndani yake nyama ya ng'ombe ya kuokwa, iliyokatwa nyembamba kama kitambaa, na fromaji iliyoyeyuka juu yake. Nilikula mmoja. Nikaomba wa pili. Nyumbani nilikuwa nimeacha mama na watoto na maharagwe yasiyofika hata nusu mfuko. Niliporudi, mtoto wangu wa tatu aliikuta ile karatasi katika mfuko wa koti langu. Hakusema neno. Aliinusa, akaikunja vizuri, akairudisha.

Basi nilimwambia yule mama: "Mwambie papa, Jumamosi akirudi aje moja kwa moja na kilo moja ya nyama ya paja, isiyo na mifupa. Mimi nitakuja na kisu."

Mbona kilo moja? Kwa sababu kilo moja ya nyama ya kuchoma, wanaume watatu au wanne wanaimaliza wakiongea tu, wala hawaoni imekwenda wapi. Ndani ya mkate, kilo ile ile inafikia watu kumi. Siri iko katika kisu. Huko Marekani walikuwako ndugu wawili, Forrest na Leroy Raffel. Katika mwaka 1964, katika mji wa Boardman, jimbo la Ohio, walifungua nyumba ya kuuza mkate wa nyama ya ng'ombe ya kuokwa. Wakati ule wengine wengi walikuwa wanauza mkate wa nyama ya kusaga, ambao bei yake ilikuwa senti 15 hivi. Wao waliuza wao kwa senti 69, na watu walinunua. Nyumba yao waliiita Arby's, kwa kufuata matamshi ya Kiingereza ya herufi R na B, maana yake Ndugu Raffel. Nyama yao inakatwa na mashine, nyembamba sana, halafu inarundikwa. Mdomo unaona nyama nyingi, kumbe ni kidogo. Sisi hatuna mashine, lakini tuna kisu na jiwe la kunolea.

Jumamosi ile papa alifika kweli, na nyama kwa mkono. Alikuwa na haya kidogo, mimi pia. Tulikaa nyuma ya nyumba karibu na mbabula, watoto wakasimama mbali wakituangalia. Wanaume wawili kwa jiko, mmoja wao Pasteri! Ile ilikuwa sinema kwao.

Tulifanya hivi. Nyama ikae kipande kimoja. Usiikate kabla ya kupika. Tuliisugua kwa chumvi, vitunguu saumu vilivyopondwa na pilipili manga, tukaiacha nusu saa. Kisha tulitia vijiko vitatu vya mafuta katika sufuria nzito, na mafuta yalipopata moto sana tukaiweka nyama na kuigeuza pande zote mpaka ikawa na rangi ya kahawa. Hiyo inachukua kama dakika kumi, nanyi msiiharakishe, kwani utamu wote unatoka hapo. Ndipo tukaongeza kitunguu kilichokatwa na kikombe kimoja cha maji, tukafunika vizuri, tukapunguza makala. Inatakiwa saa mbili za moto mdogo. Kila nusu saa unaigeuza na kuongeza maji ya moto kidogo kama yamekauka. Ng'ombe wetu wametembea sana, nyama yao si ya haraka.

Wamarekani wanapenda ikae nyekundu katikati. Msiwaige katika hilo. Nyama ambayo haikuiva inaweza kubeba mayai ya tegu, yule mnyoo mrefu, au kwa kusema vizuri zaidi, watoto wake waliojificha ndani ya nyama. Moto wa kutosha unawaua. Ingiza kisu mpaka katikati. Maji yanayotoka yakiwa na damu, funika tena. Lakini usipite kipimo pia. Ikianza kuanguka vipande vipande umepata mchuzi mzuri, ila haitakatika tena.

Sasa, hapa ndipo mimi niliharibu mara ya kwanza nilipojaribu kwangu. Nilikata nyama ikiwa ya moto. Ilipasuka yote, mama Pasteri akacheka mpaka akakaa chini. Nyama inatakiwa ipoe. Kama hakuna frigo, na kwa wengi wetu frigo ni kabati la kuweka vikombe kwa sababu umeme haupo, iweke nyama katika sufuria kavu yenye kifuniko na uitie sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Baada ya saa moja hivi imekazana. Angalia nyuzi za nyama zinaelekea wapi, ukate kwa kuzivuka, si kwa kuzifuata. Ukizifuata, watoto watatafuna mpaka ibada ya kesho. Unene uwe kama wa karatasi mbili tatu za daftari. Kilo ya nyama mbichi ikipikwa inabaki kama gramu 650 au 700, basi kila mkate unapata gramu 65 hivi. Hesabu hiyo kijana wa darasa la sita anaweza kuifanya, na nilimwachia yeye aifanye.

Ile supu iliyobaki katika sufuria msiimwage. Wakati wa kula unaichemsha, unatia vipande ndani dakika moja au mbili, vinapata moto na kulainika.

Tuje kwa fromaji. Wengi wanafikiri ni chakula cha Wazungu. Wafungue Biblia katika 1 Samweli 17, mstari wa 17 na 18. Kila mtoto wa shule ya Jumapili anajua kombeo la Daudi, lakini ulizeni watoto wenu Daudi alikwenda kufanya nini kambini siku ile. Baba yake alikuwa amemtuma kuwapelekea kaka zake bisi na mikate kumi, na jibini kumi kwa mkubwa wa jeshi. Baba mzee yuko nyumbani, watoto wake wakubwa wako vitani, na yeye anawaza watakula nini. Mimi napenda sana hiyo habari ya Yese kuliko hata lile jiwe.

Hapa kwetu tunajua fromaji ya Goma, ile ya mviringo inayotoka milima ya Masisi, kazi iliyoanzishwa na wamisionari Wakatoliki na leo inafanywa na wachungaji wenyewe (wachungaji wa ng'ombe, si sisi). Inayeyuka vizuri. Lakini njia za Kivu hazina usalama, na tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza 2025, mtu asishangae akiikosa sokoni. Ukiipata, gramu 200 zinatosha mikate kumi, kama utaifanya sosi: yeyusha vijiko viwili vya marigarini, tia vijiko viwili vya unga wa ngano, koroga dakika moja, ongeza polepole kikombe kimoja na nusu cha maziwa ukikoroga bila kuacha. Ikiwa nzito ondoa motoni, ndipo utie fromaji iliyokwaruzwa. Ukiitia juu ya moto mkali inakuwa nyuzi na mafuta yanajitenga. Maziwa ya unga nayo yanafaa.

Ukiikosa kabisa, chukua lita mbili za maziwa ya ng'ombe, yachemshe, ondoa motoni na utie maji ya ndimu kijiko kwa kijiko mpaka yagawanyike. Chuja kwa kitambaa safi, kamua, tia chumvi, weka kitu kizito juu yake saa moja. Hiyo haiyeyuki, hata ukiiomba, lakini ukiiponda na pili-pili kidogo na kuipaka katika mkate, watu wananyamaza wakila.

Kuna pia sosi nyekundu. Nyanya nne, kitunguu kimoja, vijiko viwili vya sukari, viwili vya siki au ndimu, chumvi, pili-pili. Pika dakika 20 mpaka ikazane. Mikate midogo nunueni kwa mama wa jirani anayeoka. Ipasue, ipashe kidogo juu ya makala upande wa ndani ili isilowe, weka nyama, sosi ya fromaji, sosi nyekundu, funika.

Neno moja juu ya usalama. Nyama hii iliwe siku ile ile. Isilale mpaka kesho bila baridi, na baba asiibebe safari nzima ya Mongbwalu ndani ya mfuko wa plastiki. Katika joto, fromaji, maziwa na nyama vinaharibika kabla pua haijajua.

Tulipomaliza, hesabu yetu ya watu kumi ilipata majaribu. Nyumba ile ina watoto sita. Pamoja nao wako shangazi na watoto wake wawili waliokimbia Djugu. Jamaa nyingi za Bunia ziko hivyo tangu mauaji yalipoanza tena mwisho wa 2017. Wageni walikuja kwa juma moja, sasa ni miaka. Ukiongeza baba, mama na mimi, ni watu kumi na wawili. Papa aliangalia mikate, akaangalia watu. Mimi nilisema nimeshiba kwa harufu, ila yule mama akakataa: "Pasteri, hapana. Leo hakuna mutu wa kusema ameshiba." Basi mikate miwili ilikatwa katikati kwa ajili ya wanne, na watoto wale wadogo wakapata nusu nusu, na wakubwa mzima mzima, na mkate ulitosha. Shangazi alikula pole pole sana. Kwao walikuwa na ng'ombe. Aliuliza nyama ilinunuliwa soko gani, halafu hakuuliza tena.

Vijana, ninyi mnaochimba, msiseme jikoni ni pa dada zenu. Yohana 21 inatuonyesha Bwana mwenyewe, akiwa amefufuka, amewasha makala kando ya ziwa, samaki juu yake na mkate, akiwangoja watu waliofanya kazi usiku kucha bila kupata kitu. Wachimbaji mnaujua usiku wa namna ile. Na anayetaka kuuza mikate hii mbele ya shule, ajaribu. Aanze na kilo moja, anawe mikono, na ahesabu makala pia katika gharama, maana wengi wanasahau makala na mwisho wanashangaa faida imekwenda wapi. Bei siandiki, zinabadilika kabla gazeti halijatoka kwa mashine.

Yule mama nimemwona tena wiki iliyopita. Nilimuuliza habari za nyumbani. Alisema papa amerudi mara mbili tangu siku ile. Mara ya kwanza alikuja na nyama mkononi. Mara ya pili alichelewa, akaingia usiku, nguo zinanuka moshi, na watoto hawakumwuliza kitu. Lakini asubuhi yake aliamka mbele ya wote, akaenda sokoni mwenyewe.

"Na sasa anakata nyembamba?" nilimuuliza.

"Bado, Pasteri. Anakata kama mutu anapasua kuni."

Nimempelekea jiwe la kunolea.